Eti grisi ni grisi tu?

Wadau, leo naomba tuzungumzie grisi. Najua kuna walioanza kucheka. Mtu amekaa chuo kikuu miaka mitatu, anaandika gazetini, halafu badala ya siasa analeta mada ya grisi! Vumilieni kidogo. Hii ni mada ya hewa inayoingia kwenye mapafu ya watu, na mkifika mwisho mtakubali kwamba wanasiasa wanaweza kusubiri wiki moja.

Hivi karibuni nilikuwa Unguja kwa kazi ya gazeti, habari ya utalii wa kuzamia. Nafasi ya gazeti mnaifahamu. Habari nzima ilipewa maneno mia nne na picha ya kasa, na mambo ya mashine yakaachwa nje. Lakini kilichobaki kichwani mwangu hakikuwa kasa. Ni kompresa ndogo ya kubeba iliyokuwa nyuma ya banda la kituo kimoja ambacho sitakitaja, na kijana aliyekuwa anaihudumia. Alikuwa anachovya kidole kwenye kikopo kisicho na maandishi yoyote, anapaka oringi za kiunganishi cha kujazia mitungi. Anapaka kwelikweli, kama siagi kwenye mkate wa Pasaka. Nikamuuliza ni grisi gani. "Ya kawaida tu, kaka. Ile ya beringi za gari. Grisi ni grisi."

Sina ugomvi na kijana yule. Alikuwa anafanya alichofundishwa, na anafanya kwa bidii. Ugomvi wangu ni na hiyo sentensi. Grisi si grisi. Kwenye toroli ya kubebea mchanga utapaka yoyote na hakuna atakayekufa. Kwenye kompresa ya presha kubwa, aina ya grisi, kiasi chake na mahali unapoipaka ni mambo matatu yanayoamua kama mashine itadumu, kama itashika moto, na kama mtu aliye mita 30 chini ya bahari atapanda juu akiwa na akili zake timamu.

Tuanze na hilo neno presha, maana ndipo watu wanapopotea. Tairi la gari dogo lina bar 2 na kidogo. Kompresa ya gereji, ile inayojaza upepo na kupulizia rangi, hufika bar 8 au 10. Mtungi wa mpiga mbizi hujazwa mpaka bar 200, na ule wa mzimamoto anayeingia kwenye nyumba yenye moshi hufika bar 300. Kwa hiyo mashine tunayoizungumzia haina undugu na ile ya gereji. Zinafanana jina tu, kama paka na chui.

Kompresa hizi ndogo za kubeba zipo za aina mbili kubwa. Ipo ya kuzamia, yenye injini ya petroli au mota ya umeme, ambayo pistoni zake hulainishwa kwa oili maalumu iliyo chini kwenye krenki. Hii grisi yake huenda kwenye oringi, nyuzi za kufungia na viungo vya kujazia. Halafu ipo ile ndogo zaidi, ya ukubwa wa sanduku la mkononi, inayoendeshwa kwa betri ya gari au umeme wa nyumbani. Ulaya na Marekani wengi huitumia kujazia bunduki za upepo, na siku hizi unaagiza mtandaoni ikakufikia popote. Nyingi za aina hii hazina oili kabisa chini. Beringi ya krenki na konrodi inaishi kwa grisi. Na kwa taarifa yenu, kwenye nyingi ya mashine hizo imeandikwa kabisa kwamba hewa yake si ya kuvuta. Mtu anayejazia mtungi wa kuzamia kwa mashine ya namna hiyo, bila filta iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, amekosea kabla hata hajagusa kopo la grisi.

Sasa joto. Wote tuliowahi kupampu baiskeli tunajua pampu hupata moto. Si msuguano peke yake. Hewa ikibanwa inapata joto. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche kwa sababu hiyo hiyo, hewa inabanwa mpaka inakuwa moto kiasi cha kuwasha mafuta yenyewe. Sasa chukua hewa ya nyuzi 27 za Selsiasi, ibane kwa mpigo mmoja mpaka bar 300 bila kuiacha ipoe. Hesabu ya fizikia ya kidato cha sita inakupa zaidi ya nyuzi 1,200. Ndiyo maana hakuna mhandisi anayefanya hivyo. Wanagawa kazi kwa hatua, na katikati hewa inapozwa. Kwa hatua tatu, hesabu hiyo hiyo inakupa kama nyuzi 240 kila hatua. Kwa hatua mbili, ambazo ndizo za mashine nyingi ndogo, inakupa kama nyuzi 400. Kwa kweli chuma hunyonya sehemu ya joto hilo, kwa hiyo hali halisi huwa nafuu kidogo. Lakini mmeona tunakoelekea.

Grisi ya kawaida ya beringi za gari imetengenezwa kwa mafuta yatokanayo na petroli yaliyogandishwa kwa sabuni, mara nyingi sabuni ya lithiamu. Ndiyo, sabuni. Grisi ni mafuta yaliyoshikwa na sabuni kama maji yanavyoshikwa na sifongo. Ukiipasha mpaka nyuzi 180 au 200 hivi, sabuni ya lithiamu inaachia na mafuta yanadondoka. Na mafuta mengi ya petroli hushika moto yenyewe hewani yakifika nyuzi mia mbili na kitu mpaka mia tatu na kitu, bila kiberiti. Ongeza jambo la tatu. Hewa ina oksijeni asilimia 21. Ukiibana mpaka bar 300, oksijeni peke yake ina presha ya bar 63. Katika mazingira hayo, kitu ambacho kingehitaji joto kubwa ili kiwake kinawaka mapema zaidi.

Kwa hiyo unapopaka grisi ya gari kwa ukarimu karibu na silinda ya hatua ya mwisho, unaweka kuni jikoni. Si lazima ilipuke. Mara nyingi haitalipuka, na hapo ndipo uongo wa "mbona siku zote tunapaka" unapopata nguvu. Mara nyingi itaungua polepole, itaacha masizi kwenye valvu, valvu itaanza kuvuja, hewa ya moto itarudi ndani, joto litapanda zaidi, na mzunguko utaendelea. Na kitu kinapoungua nusunusu kinatoa nini? Kinatoa monoksidi ya kaboni. Ile ile ya jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Haina harufu, haina rangi.

Hapa naomba mtulie na hesabu moja. Kiwango cha Ulaya cha hewa ya kuvuta, kinachoitwa EN 12021, kinaruhusu mafuta yasiyozidi nusu miligramu katika kila mita moja ya ujazo ya hewa, na monoksidi ya kaboni isiyozidi sehemu 5 katika milioni. Mtungi wa lita 12 uliojazwa bar 200 una hewa ya lita 2,400 hivi, yaani mita za ujazo 2.4. Kwa hiyo mafuta yanayoruhusiwa katika mtungi mzima ni miligramu 1.2. Sasa chukua tone la grisi lenye ukubwa wa punje moja ya mchele. Uzito wake ni zaidi ya mara kumi ya hapo. Punje moja! Yule kijana alipaka punje ngapi? Sikuhesabu, ila ungeweza kupika pilau.

Mtu atasema, "Lakini kuna filta." Ni kweli, na filta nzuri yenye mkaa maalumu inakamata mvuke mwingi wa mafuta. Lakini mkaa huo haukamati monoksidi ya kaboni. Kwa hiyo kinahitajika kichocheo kinachoitwa hopkaliti, ambacho nacho kikilowa hakifanyi kazi. Na pwani yetu ni ya maji. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 hubeba gramu 24 hivi za maji katika kila mita ya ujazo. Kwa mtungi ule ule, hiyo ni karibu gramu 60, vijiko vinne vya chakula, ambavyo lazima vitoke njiani kupitia vitenganishi. Asiyefungua mabomba ya kutolea maji kila baada ya dakika chache anaiua filta yake kabla ya wakati. Kwa hiyo filta isigeuzwe kisingizio cha kupaka hovyo.

Na kwa nini mita 30 ni muhimu? Kwa sababu kina hicho kina presha ya bar 4. Gesi mbaya iliyomo ndani ya mtungi, ambayo ukiivuta juu ya nchi ungeumwa kichwa tu, kule chini inaingia mwilini kwa presha mara nne. Mpiga mbizi anaanza kupata kizunguzungu mahali ambapo hawezi kukaa chini akaomba maji ya kunywa.

Haya, tuje kwenye kuchagua. Nilipotoka Unguja nilipita maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, nione mteja wa kawaida anasaidiwaje. Duka la kwanza nikaulizwa swali moja tu: "Nyekundu au bluu, bosi?" Nyekundu au bluu! Jamani, rangi ya grisi ni rangi tu. Kiwanda kinaweka rangi kinayotaka. Grisi mbili nyekundu zinaweza kuwa vitu viwili visivyopatana hata kidogo, na ukizichanganya, kwa mfano iliyogandishwa kwa lithiamu na iliyogandishwa kwa udongo wa bentonaiti, zinalainika na mafuta yanatoka. Duka jingine grisi ilikuwa ya kuchota kwa kijiko cha bati kutoka kwenye ndoo isiyo na kifuniko, vumbi la barabara likiwa limeshajitengea nafasi yake juu. Hiyo hata kwenye toroli ningeionea huruma toroli.

Maswali sahihi ni matatu, na yoyote anaweza kuyauliza bila kuwa mhandisi.

La kwanza: inakwenda kugusa nini? Kama ni chuma kwa chuma chenye mzigo, kama beringi ya krenki, unahitaji grisi ya beringi yenye kuhimili joto, daraja la 2 katika mfumo wa NLGI, ambao ndio unaotumiwa na viwanda kueleza ugumu wa grisi kuanzia 000 iliyo kama uji mpaka 6 iliyo kama kipande cha sabuni. Hapa grisi ya silikoni haifai, kwa sababu inateleza vizuri kwenye mpira lakini chuma kikikandamizana na chuma inakimbia. Kama ni mpira, yaani oringi, lazima ujue ni mpira gani. Oringi nyingi nyeusi za kawaida ni za nitraili, na hizo zinavumilia mafuta ya petroli. Lakini kuna mpira unaoitwa EPDM, nao mara nyingi ni mweusi vilevile, ambao ukiupaka grisi ya petroli unavimba na kuharibika. Grisi ya silikoni ni salama kwa zote mbili. Lakini isipakwe kwenye oringi iliyotengenezwa kwa silikoni yenyewe, maana hiyo nayo itavimba. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ndiyo maana kijitabu cha mashine kipo, na aliyekitupa siku ya kwanza pamoja na boksi ametupa kitu cha thamani kuliko boksi.

La pili: hapo inapokwenda pana joto na presha kiasi gani? Sehemu ya krenki ni jambo moja. Silinda ya hatua ya mwisho ni jambo jingine. Ya krenki isipelekwe juu.

La tatu, ambalo kwangu ndilo la kwanza: hewa hii inakwenda wapi? Kama inakwenda kwenye bunduki ya upepo ya kulengea shabaha, mtakachoharibu ni mali. Kama inakwenda kwenye mapafu, kila kitu kinachogusana na njia ya hewa kiwe kimetajwa na mtengenezaji kuwa kinafaa kwa hewa ya kuvuta. Na kama mnajaza hewa iliyoongezwa oksijeni kupita asilimia 40, kanuni inayofuatwa na wengi katika kazi ya uzamiaji ni kwamba vifaa visafishwe kwa kiwango cha oksijeni na grisi iwe ya aina ya PFPE. Hiyo ni grisi isiyo na kitu cha petroli, mara nyingi iliyogandishwa kwa unga wa Teflon, jamaa wa ile inayopakwa kwenye kikaango kisichoshika chapati. Haiwaki kirahisi hata penye oksijeni kali, na haigombani na mpira karibu wa aina yoyote. Ubaya wake ni bei, na nitarudi huko.

Na mafuta ya mgando ya kujipaka? Nimesikia yanasifiwa sana. Hayo ni zao la petroli, yanayeyuka kwa joto dogo kuliko la chai, na yanawaka. Yaacheni bafuni.

Sasa kupaka. Niliuliza mafundi watatu wenye umri wa kuwa wazee wangu, na wote walianza na neno moja kabla sijamaliza swali: kidogo. Zima mashine, chomoa waya, fungua valvu ya kutolea upepo mpaka geji isome sifuri, halafu subiri ipoe. Watu wana haraka na hatua hii, wakati bar 300 ikibaki kwenye kijibomba kidogo ina nguvu ya kurusha kifuniko usoni. Toa grisi yote ya zamani kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Usioshe sehemu za njia ya hewa kwa petroli, maana mabaki yake ndiyo hizo kuni nilizosema. Oringi itoe kwa kijiti cha plastiki au cha mti, si kwa bisibisi. Mkwaruzo mmoja kwenye mfereji wake ni mvujo wa kudumu ambao hakuna grisi itakayouziba. Iangalie kwenye mwanga. Ikiwa bapa, ngumu au ina ufa, weka mpya. Grisi haifufui mpira uliokufa.

Kisha chukua grisi kidogo kwa kidole chenye glovu safi, izungushe oringi kati ya vidole mpaka ing'ae. Inatakiwa kung'aa tu. Ukiona weupe umekaa pembeni, umezidisha, futa. Kazi ya grisi hapo ni kuifanya oringi iteleze ikae mahali pake bila kukatika. Kuziba hewa ni kazi ya mpira. Kwenye beringi ya grisi, jaza theluthi moja mpaka nusu ya nafasi iliyo wazi, si zaidi. Beringi iliyoshindiliwa grisi inaivuruga kama mtu anayetembea kwenye tope, na joto linapanda badala ya kushuka. Valvu za kuzuia hewa isirudi, filta, na tundu la kuingizia hewa havipakwi chochote. Mwisho, washa mashine ikiwa wazi bila mzigo kwa dakika chache, sikiliza, gusa kwa tahadhari, futa kilichotoka. Halafu chukua kalamu uandike tarehe, jina la grisi, na sehemu iliyopakwa.

Hapo kwenye kalamu ndipo nilipotaka kufika.

Najua majibu yatakayokuja. Wa kwanza atasema grisi nzuri ni ghali, sisi ni masikini. Nakubali kwamba kijidude cha gramu chache cha PFPE kinaweza kukushangaza bei. Lakini tumeshaona kiasi kinachotumika, oringi ing'ae tu. Kopo dogo linahudumia msimu mzima wa watalii, pengine na mwingine. Kinachofanya grisi iwe ghali ni kuipaka kama siagi. Na kituo kinachomtoza mgeni dola kwa kila mbizi hakiwezi kuniambia kwamba kimeshindwa na kikopo. Hata pale ambapo PFPE haihitajiki, grisi ya silikoni iliyotajwa kwa vifaa vya kuzamia haifilisi mtu.

Wa pili atasema tumefanya hivi miaka yote na hakuna aliyekufa. Labda. Lakini ni nani aliyepima? Mgeni aliyepanda na kichwa kinamuuma aliambiwa ni jua. Kijana wa boti aliyetapika aliambiwa ni mawimbi. Usipopima hewa, kila dalili itapata jina jingine, na wewe utaendelea kuamini kwamba uko salama.

Wa tatu, huyu ananigusa zaidi, atasema mambo haya ni ya mafundi, waandishi mnajua nini? Ndugu yangu, fundi ndiye wa mwisho kulaumiwa. Fundi anapaka alichonunuliwa. Mwenye mashine ndiye anayenunua, na mwenye mashine ananunua kwa kuuliza rangi na bei. Muuzaji anauza kwa ndoo wazi kwa sababu hakuna mteja anayemuuliza karatasi ya maelezo. Sisi tunaovuta hewa, na hapo nawaweka wanafunzi wa sayansi ya bahari, waongoza watalii, vijana wa boti na wazimamoto, hatuulizi kwa sababu tunaona aibu kuonekana wajuaji. Duara zima limefungwa na aibu na mazoea, na kamba yenyewe ni ile sentensi: grisi ni grisi tu.

Ninachotaka ni kitu kidogo sana, hakihitaji bajeti ya serikali wala semina ya siku tatu yenye posho. Kila mahali panapojaza hewa ya kuvuta, kuanzia Nungwi mpaka Mafia, Watamu mpaka Diani, pawe na ubao mmoja ukutani karibu na kompresa. Uandikwe mambo manne: jina kamili la oili na grisi zinazotumika, tarehe filta ilipobadilishwa na saa mashine ilizofanya kazi tangu hapo, tarehe hewa ilipopimwa mara ya mwisho na matokeo yake, na jina la aliyefanya kazi hiyo. Basi. Chaki na ubao. Mwenye kituo anayefanya kazi yake vizuri atakuwa amepata tangazo la bure. Asiyefanya atatoa sababu, na tutazisikia.

Na wanaoleta mashine hizi ndogo nchini, tafadhali, kijitabu cha Kiswahili. Kurasa nne zinatosha. Kijana yule wa Unguja anasoma vizuri sana, nilimwona na gazeti la michezo. Lakini kijitabu alichoachiwa kilikuwa na maandishi ya Kichina upande mmoja, na upande wa pili Kiingereza ambacho hata Mwingereza angeomba msaada. Hatuwezi kumnyima mtu maelezo kisha tukamlaumu kwa kubahatisha.

Kwa wewe uliyelipia mbizi yako ya kwanza mwezi ujao: kabla ya kuvaa mtungi, nenda nyuma ya banda. Uliza kwa adabu, "Samahani kaka, hizi oringi mnapaka grisi gani?" Ukitajiwa jina na kuonyeshwa kopo lenye maandishi, kazamie kwa raha zako. Ukijibiwa "ya kawaida tu", omba kuona cheti cha kupimwa hewa. Kama nacho hakuna, rudisha mtungi, dai hela yako, ukaogelee juu juu na miwani. Samaki wa juu nao ni wazuri.

Nawasilisha.